Bastola ya Mkono wa Kushoto

Kama kuna neno ambalo Delphia Stamper alilichukia kuliko yote mwaka ule, ni "pole". Aliambiwa pole kanisani, akaambiwa pole dukani, akaambiwa pole hata na daktari wa mifugo aliyekuja kumtazama mbwa. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Oktoba na kuuacha mkono wake wa kulia ukining'inia ubavuni, watu wa bonde la Pawpaw walikuwa wakimsemesha kwa sauti ya chini, kichwa upande, kana kwamba maiti amelazwa sebuleni na yeye Delphia ndiye mfiwa. Na huyu hakuwa mtu wa kusemeshwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tisa, mrefu, mwenye ulimi wa upupu, na alikuwa ameshinda mashindano ya bastola za gobori katika vilima hivi vya Kentucky mara nyingi hata baadhi ya wanaume wakaacha kumwuliza siri yake, wakaanza kumsingizia uchawi.

Wengine mtasema bastola za gobori ni vichezeo vya wazee wasio na kazi. Semeni. Hapa Pawpaw kila majira ya kuchipua watu huvaa ngozi na kitani, hupiga mahema ya turubai, na hufyatua bastola za namna ile waliyovuka nayo milima mababu zao, zama za walowezi wa kwanza, barabara zilipokuwa bado njia za nyati. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha risasi ya duara iliyofungwa kitambaa chenye mafuta, unashindilia kwa mdeki, na gumegume likigonga chuma, cheche ndiyo inayofanya kazi. Zile za kale zenyewe zimefungiwa kwenye vioo vya makumbusho. Hizi ni mpya, zimeundwa kwa mfano wa zile, na nyingi huja vipande vipande ndani ya sanduku, zikaungwa juu ya meza ya jikoni.

Meza ya Delphia iliunga kumi na saba. Zote zilitundikwa ukutani juu ya jiko, zikanuka mafuta ya taa na nyama ya nguruwe ya kukaanga. Arlis, mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuvua samaki, na bastola zile aliziita wakwe zake. Alikuwa akisema ndoa yake ina mke mmoja na wakwe kumi na saba, wote wamemkalia kichwani wakati wa chai.

Majira ya baridi yale, Delphia aliziteremsha moja baada ya nyingine akazijaribu kwa mkono wa kushoto. Hakuna iliyokubali. Mpini ulichongwa kwa kiganja cha kulia, mtambo ulikuwa upande wa kulia, na kila aliponyanyua ilimpinda kifundo cha mkono kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Angeweza kulia. Alilia, tusidanganyane, alilia jioni moja nzima. Kesho yake akaagiza mtutu, akaagiza mtambo wa upande wa kushoto, akanunua ubao wa mepo, mti mgumu wa vilima vile, akaubana kwenye jiliwa na kuanza kuchonga. Mkono wa kulia aliugeuza kuwa jiwe la kukandamizia, kwa kuwa kazi nyingine uliikataa. Mpini wa kwanza aliupasua kwa patasi. Wa pili aliupiga tupa ukawa mwembamba kupita kiasi, akautia jikoni kuwa kuni. Wa tatu ulikaa mkononi kimya, ukatulia, na Delphia akasema peke yake jikoni kwamba watu waite nakala wanavyotaka, lakini bastola hii haikuwa nakala ya kitu chochote duniani. Aprili yote alishinda nyuma ya ghala akifyatua, mpaka kunguru wakahamia shamba la jirani.

Basi ulipofika mkutano wa Mei, Delphia alishuka garini na sketi yake ya kitani, mfuko wake wa ngozi ya paa begani, bastola mkandani. Kabla hajafika kwenye mstari wa kufyatulia, Jewell akamwahi. Jewell ni mke wa Hobart Skaggs, mwanamke mwema, mpishi wa maharage ya mkutano, na mikononi alibeba kiti chenye mto wa maua. Akakiweka kivulini, karibu na mabirika ya kahawa, akaeleza kwa furaha kwamba mwaka huu Delphia ndiye mgeni wa heshima, ndiye atakayewakabidhi washindi zawadi.

Delphia akakitazama kile kiti. Akauliza washindi hao watatoka wapi, ikiwa yeye amekaa.

Jewell akacheka, halafu akaona kwamba haikuwa mzaha, akaenda kumwita mumewe.

Hobart ndiye msimamizi wa mstari. Neno lake ndilo linaloamua nani afyatue, nani ashushe silaha, nani aende nyumbani. Ni mtoto wa kaka yake Delphia, na bastola ya kwanza aliyoishika maishani aliwekewa mkononi na shangazi yake huyu huyu. Alikuja akiwa amevua kofia, na Delphia alipoiona ile kofia mkononi, akajua maneno yameshapikwa.

"Shangazi," akasema Hobart, "tumekaa kama kamati."

"Mmekaa. Na mimi nilikuwa wapi?"

Hobart akaeleza. Alieleza vizuri, maana alikuwa amejizoeza. Baruti haina mchezo. Mtu wa mkono mmoja atashika nini na kuachia nini, na mstari una watu, una watoto nyuma yake. Hakuna anayesema Delphia hajui kazi. Wanasema tu kwamba wakati umefika, na kila mtu wakati wake hufika, na heshima yake iko palepale. Hakuwa mtu mbaya Hobart, na hilo ndilo lililomkera Delphia zaidi. Angekuwa mbaya angemtukana yakaisha.

Akamwambia wampime. Wasimpime kwa maneno, wampime pale mstarini, mbele ya watu.

Hobart alikuna kichwa, akatazama huku na huku, kisha akataja masharti. Apige risasi tano kwenye shoka. Apakie mwenyewe, asiguswe na mtu, asisaidiwe na mtu, na lisitokee kosa hata moja la upakiaji; kulikosa shoka hakuhesabiwi. Akimaliza salama, kamati itanyamaza na sahani zake zitahesabiwa mashindanoni. Likitokea kosa, lolote, ataondoka mstarini mwenyewe kwa hiari yake, moja kwa moja, na hatarudi mwakani wala mwaka mwingine kudai nafasi.

Hasira hasara. Delphia alikubali kabla mpwa wake hajafunga mdomo.

Aliyesikia yote ni Lowell Tackett, aliyekuwa ameegemea nguzo akisafisha mtutu wake. Lowell alikuwa fundi bomba kabla ya kustaafu, na kwa miaka thelathini yeye na Delphia wamekuwa wakigombea ushindi wa bastola kama kuku wawili na mnyoo mmoja. Katika bonde zima ni yeye peke yake ambaye hakumpa pole. Alipokuja hospitali alisimama mlangoni akasema, "Sasa labda nitashinda," na Delphia alicheka kwa nusu ya mdomo, nusu pekee iliyokuwa ikifanya kazi.

"Umekubali masharti ya malaika," Lowell akamwambia sasa. "Katika sisi sote hapa hakuna awezaye kuyatimiza mpaka chakula cha mchana."

Delphia akamjibu kwamba yeye haendi kula mchana, anakwenda kufyatua.

Shoka la Pawpaw limekitwa kwenye gogo, makali yakimtazama mpigaji. Kulia na kushoto kwake huwekwa sahani mbili ndogo za udongo. Ukilenga makali sawasawa, risasi hupasuka katikati, nusu ikavunja sahani hii, nusu ikavunja ile. Ukikosa kidogo, unavunja moja, au huvunji kitu, na gogo linapata tundu jipya. Ni mchezo wa jeuri, na kwa bastola ni jeuri zaidi.

Delphia akasimamisha bastola yake kwenye kibao chenye tundu alichokichonga kwa ajili hiyo, mdomo juu. Akajaza kipimo chake cha pembe, akamimina. Akatandaza kitambaa, akaweka risasi, akaisukuma, akaishindilia kwa mdeki hadi mwisho. Akatia baruti laini kwenye kisahani cha moto kilicho ubavuni mwa mtutu, akainua. Watu walikuwa wamejaa nyuma ya kamba, na wote walikuwa wamebana pumzi kama watazamao mtoto anayetambaa ngazini. Aliisikia ile pumzi mgongoni kwake, ikamchoma. Risasi ya kwanza iliingia kwenye gogo.

Ya pili ilikwaruza upande wa shoka, sahani ya kushoto ikavunjika. Watu wakapiga makofi ya adabu. Delphia hakugeuka. Alikuwa anajua sasa kasoro iko wapi: alikuwa akiisubiri ile bastola imwogope, na bastola haimwogopi mtu. Akapakia tena, taratibu, kila kitu kwa mpangilio wake, akanyoosha mkono, akaacha shoka liwe uzi mwembamba tu mbele ya macho yake, akavuta.

Sahani zote mbili zikaruka vipande.

Basi hapo uwanja ulilipuka. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba watu walimpigia kelele kama walivyokuwa wakimpigia zamani, na Delphia, aliyekuwa ameshaanza kupakia risasi ya nne, alihisi damu ikimpanda usoni kwa furaha. Kipimo kilikuwa tayari kimejaa baruti mkononi. Na ni nani akaja mbio kumpa mkono kama si Hobart mwenyewe, macho yamejaa maji, furaha yake ya kweli kabisa. Tena kwa kujali kwake alimnyooshea mkono wa kushoto. Delphia akakisimamisha kipimo mezani, akamshika mkono. Jewell akamkumbatia. Mwingine akampiga bega. Huwezi kumsemesha mtu anayepakia gobori. Ni jambo la kwanza wanalofundishwa hapa, na wanaolifundisha ndio waliolivunja, na yeye aliwaacha walivunje kwa sababu lilikuwa tamu. Walipoondoka, akageukia bastola, akatandaza kitambaa, akaweka risasi, akashindilia.

Akalenga. Akavuta. Gumegume likagonga, moto ukawaka kwenye kisahani, puf, kamoshi kadogo, basi. Mtutu haukusema kitu.

Hakutetereka. Baruti huweza kuchelewa, na mtu anayejua hushikilia bastola ikitazama mbele mpaka aridhike. Akashikilia. Akatia baruti laini upya kwenye kisahani, akavuta tena. Puf. Ndipo Lowell alipoyateremsha macho mezani, na Delphia akayafuata macho ya Lowell. Kipimo cha pembe kilikuwa kimesimama palepale alipokiweka, kimejaa mpaka ukingoni.

Sasa nikuambie jambo moja kuhusu watu hawa. Kushindilia risasi bila baruti ndiyo aibu yao kubwa na ndiyo raha yao kubwa. Hakuna mtu mwenye gobori ambaye hajawahi kufanya hivyo, isipokuwa aliyeinunua juzi. Na Pawpaw wana dawa yake. Kwenye nguzo ya mstari kumetundikwa kengele ya ng'ombe yenye mkanda wa ngozi. Anayesahau baruti hufungwa kengele hiyo shingoni, akaivaa mpaka jua lizame, ale nayo, asali nayo, na kila anayepita amwulize kama leo amekumbuka kuvaa suruali. Sufuria hugongwa. Hobart aliivaa kengele ile mara tatu katika kiangazi kimoja. Lowell aliwahi kuivaa siku aliyotembelewa na mchungaji mpya. Delphia mwenyewe aliivaa zamani, akacheza nayo ngoma hadi mkanda ukakatika.

Lakini mchana ule hakuna aliyegonga sufuria. Hakuna aliyecheka. Watu walisimama na vijiko mikononi, wakaangalia chini. Mwanamke mmoja akaweka kiganja mdomoni. Kutoka nyuma mtu akasema kwa sauti ya chini, pole Delphia, pole mama.

Ile ndiyo iliyomwua. Kosa halikumwumiza hivyo, hata kidogo. Alihisi ametolewa mlangoni mwa nyumba aliyoijenga mwenyewe, tena wanaomtoa wamemshika kiwiko kwa upole asije akajikwaa.

Hobart akasogea. Kofia ilikuwa imerudi mkononi. "Shangazi, njoo ukae. Hakuna anayekulaumu."

"Ndiyo maana nina hasira," Delphia akasema. "Kwa nini hamnilaumu?"

Hobart akaizungusha kofia vidoleni.

"Nauliza kwa nini hamcheki. Mwaka juzi uliposahau baruti wewe, mimi nilicheka mpaka nikashikilia mti. Sijakuletea kiti. Sijasema maskini Hobart. Leo nimesahau mimi, mnanitazama kama jeneza."

Lowell akaingilia. Akasema waziwazi kwamba Hobart ndiye aliyemkatiza mtu anapakia, na nyani haoni kundule, na kama ni kosa basi ligawanywe. Alisema kwa nia njema. Delphia akamwambia anyamaze. Kipimo kilikuwa chake, akasema, meza yake, na mkono uliokiweka chini ulikuwa wake, tena ule mzima. Hataki kisingizio cha mtu. Kosa ni lake, halali yake.

Kisha akawaambia wote wasubiri, kwa kuwa risasi bado iko ndani ya mtutu na yeye hajamaliza kazi.

Akaisimamisha bastola kwenye kibao, akashindilia mdeki mara nyingine kuhakikisha risasi imekaa chini kabisa. Akachukua sindano yake ya shaba na chembe za baruti laini, akazisukuma kidogo kidogo kwenye tundu dogo linalopitisha moto kuingia mtutuni, nyuma ya risasi, kwa subira ya mtu anayemlisha kifaranga mgonjwa. Ilichukua muda. Hakuna aliyemsemesha safari hii. Akatia kisahani, akainua, akavuta. Bastola ikakohoa. Kikohozi hasa, cha mzee aliyepaliwa na uji. Risasi ikatoka kwa uvivu, ikaruka hatua chache, ikadondoka nyasini mbele ya macho ya watu wote.

Lowell alijaribu kujizuia. Mabega yalianza kwanza, kisha tumbo, kisha akaangua kicheko akainama akashika magoti. Delphia naye alihisi mdomo ukimwenda upande. Lakini hakucheka, hakuwa amefika huko. Alikwenda kwenye nguzo, akaitungua kengele ya ng'ombe, akarudi nayo ikilia gong gong katikati ya ule umati ulionyamaza, akasimama mbele ya mpwa wake.

"Nifunge," akasema.

Kwa mkono mmoja hawezi mtu kuufunga mkanda ule shingoni mwake mwenyewe. Kila aliyekuwepo aliliona hilo.

Hobart akaitazama kengele bila kuigusa. Akasema, kwa shida, kwamba walikubaliana. Kosa moja, walisema. Yeye ni msimamizi, akipindisha neno leo kwa ajili ya shangazi yake, kesho atamwambia nini mwingine.

"Sawa," Delphia akajibu. "Nitoe. Lakini nitoe kwa haki. Simama hapo useme kwa sauti kwamba Pawpaw anayesahau baruti hutolewa mstarini maisha. Halafu utangulie wewe kuondoka, nami nikufuate, na Lowell atufuate, na mwisho mtaondoa shoka maana halitakuwa na mtu. Au kama dawa ya kusahau baruti ni kengele, basi nifunge kengele. Chagua moja, Hobart. Zote mbili sizikubali."

Hobart akawa mwekundu. Alipozungumza hakuwa tena msimamizi wa mstari, alikuwa yule kijana wa kaka yake.

"Ni mimi niliyekukuta sakafuni, shangazi. Jikoni. Nilidhani umekufa. Kila nikikuona na baruti mkononi naiona ile sakafu. Naogopa, ndiyo ukweli wenyewe. Kamati ni mimi niliyeishawishi."

Delphia hakuwa amelijua hilo la kamati. Likamwingia, likakaa. Alimtazama mpwa wake, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akamwonea huruma, na papo hapo akaikataa ile huruma isimfanye akae kitini.

"Uliniinua," akamwambia. "Sitasahau mpaka naingia kaburini. Sasa usinilaze tena."

Akauinua ule mkono wa kushoto, kengele ikamning'inia mbele ya kifua. Mkono ulianza kulemewa na uzito, naye hakuushusha. Hobart akavaa kofia yake. Akaipokea kengele, akazunguka nyuma ya shangazi yake, akatafuta tundu la mkanda. Vidole vyake vilikuwa vizito, akakosea tundu mara mbili, na Delphia akamwambia kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba kwa mikono kama hiyo yeye angemwondoa mstarini kwa ajili ya usalama.

Mtu akagonga sufuria. Halafu mwingine akagonga. Halafu Jewell, mwema Jewell, akachukua mwiko wa maharage akaupiga kwenye pipa la maji kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo, na bonde zima likavuma kwa bati na vicheko. Walimwuliza kama amekumbuka kuvaa soksi. Walimwuliza kama nyumbani huwa anapika chai bila maji. Mzee mmoja alitaka kujua kama risasi ile nyasini inauzwa. Delphia aliwajibu mmoja mmoja, na majibu mengine hayaandikiki hapa, kwa kuwa kuna watu wa kanisani watakaoyasoma.

Hobart akasubiri kelele zipungue. Akasema ile ya nne imehesabiwa bure, imebaki ya tano, na anayetaka kumsemesha mpigaji akiwa anapakia atafute mstari mwingine. Akamtazama shangazi yake kama alivyowatazama wengine wote, kwa jicho kali la kazi. "Mpigaji, pakia."

Delphia akakichukua kile kipimo kilichomwumbua. Kengele ililia kila alipoinama.

"Baruti, Delphia," Lowell akapaza sauti kutoka kwenye nguzo yake.

"Naimimina, mzee. Wewe funga zipu."

Akamimina, watu wote wakiona. Akatandaza kitambaa, akashindilia risasi, akatia kisahani, akanyoosha mkono. Bastola ililia sauti yake kamili, moshi mweupe ukamfunika mpaka kifuani, na ulipopisha, sahani moja ilikuwa imevunjika na nyingine imesimama. Lowell alikuwa ameshavunja sahani tano kwa raundi yake ya asubuhi, Delphia alikuwa na nne. Miaka thelathini alikuwa akiusubiri ushindi huo Lowell, na aliunyakua bila haya, akautangaza uwanja mzima. Delphia akamfuata hadi kwenye maharage, kengele ikimtangulia, akibisha kwamba sahani ile ya mwisho ilikuwa na ufa na ilistahili kuanguka yenyewe, na walikuwa bado wanabishana Jewell alipowaletea mkate wa mahindi.